Mlipuko wa ugonjwa unachunguzwa namna gani, na juu ya nini siku za kwanza ndizo nzito

Tarehe 28 mwezi wa 7 mwaka wa 2018, ofisi ya afya ya jimbo la Kivu Kaskazini ilituma ujumbe kwa wizara, huko Kinshasa. Ujumbe ulisema kwamba Mangina na pembeni yake, katika territoire ya Beni, watu 26 walikuwa wamegonjwa homa kali yenye kutoka damu, na 20 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Damu ya wagonjwa ikachukuliwa, ikapelekwa Kinshasa kupimwa. Tarehe 1 mwezi wa 8 serikali ikatangaza: ni Ebola.

Kutoka ujumbe mpaka tangazo zilipita siku 4 tu. Kwa kazi ya namna hii, hiyo ni mbio. Lakini wachunguzi walipofika na kuanza kuhesabu kurudi nyuma, nyumba kwa nyumba, kilio kwa kilio, waliona kwamba watu wa kwanza walianza kugonjwa karibu mwezi wa 5. Ni kusema, virusi vilitembea miezi miwili na zaidi bila jina. Wagonjwa walipita kwenye vituo vya afya, wakatibiwa kama watu wa malaria au tifoidi. Wenye kufa walioshwa na kuzikwa na jamaa, kama desturi inavyotaka.

Mlipuko ule ulimalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 2020. Ulikuwa umekamata watu 3470 Kivu Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu Kusini. Watu 2287 walikufa.

Sasa linganisha na mwanzo wa mwaka wa 2021. Mama mmoja wa zoni ya afya ya Biena aligonjwa mwisho wa mwezi wa kwanza, akafia Butembo tarehe 3 mwezi wa 2. Bwana yake alikuwa mmoja wa watu waliopona Ebola. Waganga walishuku mara moja, sampuli ikapimwa palepale Butembo, na tarehe 7 mwezi wa 2 tangazo likatoka. Mlipuko huo ulimalizika tarehe 3 mwezi wa 5. Watu waliogonjwa walikuwa 12, waliokufa 6.

Si tarehe peke yake iliyofanya tofauti. Mwaka wa 2021 chanjo ilikuwa tayari inajulikana, waganga walikuwa wamezoea, na labo ilikuwa karibu. Lakini hivyo vyote havisaidii kitu kama hakuna mtu wa kusema: « Huku kwetu kuna kitu hakiendi vizuri. »

Njia ya habari, kutoka uwanja wa nyumba mpaka Kinshasa

Watu wengi wanafikiri kwamba mlipuko unagunduliwa na wataalamu wenye magari makubwa. Mara nyingi hapana. Wa kwanza kuona ni mama anayemwangalia mgonjwa, mwalimu anayeona viti vitupu darasani, mwenye farmasi anayeuza dawa ya kuhara zaidi ya kawaida, mchungaji wa chumba cha maombi, au wachimba kaburi.

Ngazi ya kwanza ni RECO, yule mjitoleaji wa afya wa mtaa au kijiji. Yeye hapimi ugonjwa. Kazi yake ni kusikia, kwenda kuona, na kupasha habari. Anampasha muganga titulaire wa kituo cha afya. Habari ya namna hiyo inaitwa alerte.

Titulaire anafanya uhakikisho. Anaangalia kama dalili zinalingana na maelezo ya ugonjwa fulani. Maelezo hayo yanapanuliwa kwa kusudi, ili wagonjwa wengi waingie hata kama wengine si wenyewe. Ni sawa na wavu wa matundu madogo: utavuta majani pamoja na samaki, lakini samaki hatapita. Ndiyo maana mtu anaweza kuandikwa « mshukiwa » kisha akaambiwa hana ugonjwa. Mshukiwa si mwenye kosa, na si mgonjwa aliyehakikishwa.

Kutoka kituo, habari inapanda kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, kwa muganga mkuu wa zoni. Congo ina zoni za afya 519, na kila moja inapaswa kukusanya hesabu za vituo vyake kila juma. Lakini kuna magonjwa yasiyongoja mwisho wa juma: Ebola, kolera, tauni, surua, homa ya uti wa mgongo, polio na mengine. Hayo yanapashwa mara moja, kwa simu au kwa redio ya mawasiliano. Zoni inaambia ofisi ya jimbo, jimbo linaambia wizara. Nchi nayo, kwa kufuata kanuni za afya za kimataifa za mwaka wa 2005, inapaswa kujulisha Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, ndani ya masaa 24 ikishaona kwamba jambo linaweza kuhatarisha nchi zingine.

Ngazi ni nyingi, na kila moja inaweza kukatika. Simu haina kredi. Mvua imebomoa barabara. Titulaire hajalipwa, au amekimbia vita. RECO amechoka kutembea bila hata sabuni ya kumshukuru. Habari ikikwama kwenye ngazi moja, wa juu hawajui kwamba kuna kitu cha kutafuta.

« Juu ya nini munatuuliza maswali haya yote? »

Timu ya uchunguzi ikifika nyumbani, maswali yake yanaweza kuonekana kama ya polisi. Jina nani, miaka ngapi, anafanya kazi gani? Dalili zilianza siku gani, si siku alipofika hospitali, lakini siku alipoanza kusikia mwili mubaya? Alilala wapi? Alitibiwa wapi mbele ya kuja hapa? Alikwenda kwenye kilio cha nani? Nani alimwosha, nani alimbeba kwa moto, nani alilala naye kitanda kimoja?

Kila swali lina kazi yake. Majibu yanaandikwa kwenye orodha moja, kila mgonjwa mstari wake. Kutoka orodha hiyo wachunguzi wanachora vitu viwili. Kimoja ni mchoro wa siku: wangapi walianza kugonjwa siku gani. Kama watu wengi wameanza siku moja au mbili, pengine walikula au kunywa kitu kimoja. Kama wanaongezeka polepole, wimbi kwa wimbi, pengine ugonjwa unapita kutoka mtu hadi mtu. Kitu cha pili ni karata ya mahali: nyumba zipi, robine gani, kisima gani, soko gani. Kwa kolera, karata inaweza kuonyesha haraka kwamba wagonjwa wengi wanachota maji kwenye sehemu moja ya ziwa au mto. Hapo timu inajua pa kuweka klori kesho asubuhi.

Mfano wa karibu ni Kamituga, mji wa madini katika territoire ya Mwenga, Kivu Kusini. Mwisho wa mwaka wa 2023, mpox ilitokea pale kwa namna isiyozoeleka. Mbele ya hapo, mpox ilijulikana zaidi kama ugonjwa wa watoto wa vijiji vya msituni, wenye kuupata kwa wanyama. Kamituga, wagonjwa wengi walikuwa vijana na watu wazima, na maswali ya timu yalionyesha kwamba sehemu kubwa walihusika na baa na biashara ya ngono. Labo nayo, ikichunguza virusi vyenyewe, ilionyesha aina mpya iliyokuwa inapita mtu kwa mtu tangu karibu katikati ya mwezi wa 9 mwaka ule. Aina hiyo ilisambaa Kivu, ikavuka mipaka, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka wa 2024 OMS ikatangaza dharura ya ulimwengu.

Maswali ya aibu ndiyo yalileta jibu. Kama wagonjwa wa Kamituga wangeficha namna walivyoishi, wataalamu wangeendelea kutafuta ugonjwa msituni wakati ulikuwa mjini. Lakini ili mtu aseme, anapaswa kujua kwamba jina lake halitatembea mtaani. Kutunza siri ni sehemu ya kazi yenyewe. Timu inayovunja siri ya mgonjwa mmoja inafunga vinywa vya nyumba kumi.

Labo inafanya nini, na juu ya nini inachelewa

Macho ya muganga hayatoshi. Ebola inaanza kama malaria: homa, kichwa kuuma, uchovu, kutapika, kuhara. Watu wengi wanangoja kuona damu ndipo washuku, na hilo ni kosa, kwa sababu wagonjwa wengi wa Ebola hawatoki damu hata kidogo.

Kwa hiyo sampuli inachukuliwa. Kwa Ebola ni damu. Kama mtu amekwisha kufa, ni mate ya kinywa kwa kijiti chenye pamba. Kwa kolera ni choo. Kwa mpox ni maji au ganda la kipele. Sampuli inafungwa ndani ya vyombo vitatu, kimoja ndani ya kingine, inawekwa kwenye baridi, pamoja na karatasi ya maelezo. Karatasi ikipotea, au baridi ikiisha njiani, safari inaweza kuwa ya bure.

Mwaka wa 2018, sampuli za Mangina zilipaswa kufika Kinshasa, kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Biomedikali, INRB. Wakati wa mlipuko ule, labo zikafunguliwa karibu na watu: Beni, Butembo, Goma na kwingine. Mashine inaweza kutoa jibu la Ebola kwa masaa mawili hivi. Kinachokula siku nyingi ni barabara.

Kuna jambo lingine lililoleta ugomvi sana Beni na Butembo: mtu kupimwa, kuambiwa hana, kisha kuambiwa abaki apimwe tena. Wengi walisema: « Wanatafuta hesabu. » Sababu ni kwamba siku za kwanza za dalili virusi ni vichache ndani ya damu, na mashine inaweza kukosa kuviona. Kama mtu amepimwa mbele siku 3 za dalili hazijaisha, anapaswa kupimwa mara ya pili. Mtu akirudishwa nyumbani haraka mno, anaweza kuambukiza wale anaowapenda. Lakini jamaa walikuwa na haki ya kuelezwa hivyo tangu siku ya kwanza, kwa lugha yao, na mara nyingi haikufanyika.

Mwisho wa mwaka wa 2024, « ugonjwa usiojulikana » ulitikisa nchi. Ulikuwa katika zoni ya afya ya Panzi, jimbo la Kwango, si Panzi ya Bukavu. Watoto walikuwa wanakufa, na wengi walikwisha kusema ni virusi vipya. Timu ilichukua zaidi ya siku mbili za barabara kutoka Kinshasa. Labo ilipomaliza, jibu lilikuwa malaria pamoja na magonjwa ya kupumua, yenye kukuta watoto waliodhoofishwa na njaa. Ile alerte haikuwa ya bure. Watoto walikuwa wanakufa kweli, na dawa ya kuwatibu ilikuwa inajulikana. Bila alerte, isingefika.

Watu wa kufuatiwa siku 21

Ugonjwa ukipata jina, kazi inageuka kuwa ya kutembea. Kila mtu aliyegusana na mgonjwa wa Ebola anaandikwa na kutembelewa siku 21, kwa sababu huo ndio muda mrefu kabisa unaohesabiwa kutoka kuambukizwa mpaka dalili ya kwanza. Asipogonjwa siku hizo zikiisha, anatoka kwenye orodha. Mtu asiye na dalili haambukizi wengine. Anapimwa joto tu kila siku na kuulizwa hali. Waliogusana na mgonjwa, na waliogusana na hao, wanapewa chanjo. Ndiyo kama kuzungusha ukuta kuzunguka moto. Katika mlipuko wa 2018 mpaka 2020, zaidi ya watu 300 000 walichanjwa.

Mwisho wa mlipuko unahesabiwa mara mbili ya siku 21: siku 42 bila mgonjwa mpya, tangu mgonjwa wa mwisho alipopimwa na kuonekana safi au alipozikwa.

Ukuta huo una tundu kama mtu mmoja hakuandikwa. Mwezi wa 10 mwaka wa 2021, mtoto mdogo wa mtaa wa Butsili, huko Beni, alikufa na labo ikahakikisha Ebola. Wachunguzi walipouliza majirani, wakasikia kwamba mwezi uliotangulia watu watatu wa nyumba ya karibu, baba na watoto wawili, walikuwa wamekufa na dalili zenye kufanana. Hakuna aliyepimwa. Katika mlipuko huo mdogo watu 11 waligonjwa na 9 walikufa.

Juu ya nini watu wananyamaza

Ni rahisi kusema kwamba watu hawakuelewa. Ukweli ni kwamba wakaaji wengi wa mashariki walikuwa na sababu za kunyamaza.

Beni, watu walikuwa wanauawa kwa panga na risasi tangu mwaka wa 2014. Kisha Ebola ikaleta magari, mahoteli yakajaa, makuta yakatembea. Watu wakauliza: « Tulipokuwa tunachinjwa, magari haya yalikuwa wapi? » Mwezi wa 12 mwaka wa 2018, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura ya Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kama moja ya sababu. Kwa wengi, tangu siku hiyo Ebola ikawa politike. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Mwezi wa 4 mwaka wa 2019, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na OMS, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Kisha, mwezi wa 9 mwaka wa 2021, tume huru ilitoa ripoti kuhusu wanawake walioombwa ngono au kufanyiwa nguvu na watu wa ile kazi ya kupambana na Ebola. Ripoti ilihesabu washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. OMS iliomba wahanga msamaha. Mwanamke aliyepitia hayo, nani atamlaumu akifunga mlango timu nyingine ikibisha?

Kuna na sababu za kila siku. Mfanyabiashara anaogopa wateja watakimbia. Jamaa inaogopa kwamba marehemu atazikwa na wageni. Mwingine anaamini mgonjwa amelishwa karuho, na anampeleka kwa mfumu. Na vita inavunja kazi yote: mapigano ya Goma ya mwezi wa kwanza mwaka wa 2025 yalifanya wagonjwa wa mpox wakimbie vituo vya matibabu, na orodha zao zikabaki karatasi.

Kitu kimoja kinarudi katika malalamiko mengi: watu walitoa habari, walitoa damu, kisha hawakuambiwa kitu. Anayechukua sampuli ya mtoto ana deni la kurudi na jibu, hata kama jibu ni « hakuna kitu ». RECO aliyeleta alerte naye anastahili kujua ilifika wapi. Mahali majibu yanarudi, alerte ya pili inakuja haraka kuliko ya kwanza.

Mambo ya kupasha mara moja

Mkaaji hana kazi ya kujua jina la ugonjwa. Inatosha kuona kitu kisicho cha kawaida:

- watu wawili au zaidi wa nyumba, darasa au kambi moja wanagonjwa au kufa kwa dalili za kufanana ndani ya siku chache;
- mtu anahara maji meupe kama ya kuosha mchele na kulegea haraka;
- mtoto ana homa, vipele, na macho mekundu au mafua;
- mtu ana vipele vyenye maji au usaha usoni, viganjani au sehemu za siri;
- mtoto wa chini ya miaka 15 mguu au mkono umelegea ghafula;
- homa kali na shingo kukaza;
- homa isiyosikia dawa ya malaria, zaidi sana kama mtu alikuwa kwenye kilio au alimwangalia mgonjwa aliyekufa;
- panya wengi wanakufa ndani ya nyumba, jambo ambalo sehemu za Ituri kama Rethy wanajua kwamba linaweza kutangulia tauni, au nyani wanakutwa wamekufa msituni.

Anayepasha habari aseme mambo matano: ni nani, yuko wapi, tangu siku gani, dalili zipi, na nani amekuwa karibu naye. Mgonjwa asibebwe kwa moto pamoja na abiria wengine. Kama amekufa, mwili usioshwe na usiguswe mpaka kituo cha afya kiseme. Jamaa wana haki ya kuwapo, kuomba na kuchagua pa kuzika. Mazishi salama yanaweza kufanywa kwa heshima.

Timu nayo ikifika, mkaaji ana haki ya kuuliza: munatoka zoni gani, nani amewatuma, mutafanya nini na jina langu, na jibu litarudi lini? RECO wa mtaa na chefu wa mtaa wanapaswa kuwajua. Timu ya kweli haitachukia maswali hayo. Na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuomba makuta au mwili wa mwanamke ili atoe chanjo, kazi au dawa.

Agosti 2022, Ebola ilirudi tena Beni. Mama mmoja alikufa, sampuli ikapimwa, watu wa karibu wakafuatiwa. Tarehe 27 mwezi wa 9 mlipuko ukatangazwa umekwisha. Hesabu yake yote ilikuwa mtu 1.